Waliniuliza Mara Moja Tu

Watu wakistaafu huandika jinsi walivyompenda mudiri wao na walivyolia siku ya kuagana. Mie sikulia. Siku ya mwisho nilirudisha ufunguo wa gari ya kazi, nikatia saini, nikamuuliza mlinzi kama keki imebaki, akasema imeliwa. Nikapanda gari ya jirani, nikarudi zangu mjini kwetu Ibra.

Nyinyi vijana wa ofisi ya Nizwa ndio mlioniomba niandike. Mlisema, "Bi Zuweina, tueleze ulivyofika ulipofika." Nilipofika ni barazani kwangu, na pale yeyote anaweza kufika. Lakini najua mlichotaka kuuliza mkaona haya: mkuu wa programu alipwe nini, na akiulizwa anataka nini ajibu vipi. Kila mmoja wenu kwa wakati wake alinivuta pembeni akaninong'oneza, utasema anaulizia dawa ya ugonjwa wa aibu. Basi nitaandika hilo, na nitaandika kwa Kiswahili, maana Kiarabu changu cha kalamu kiliishia darasa la sita na Kiingereza changu ni cha kwenye simu. Tarakimu siandiki. Bei zinapanda, na mtu akija kuisoma tarakimu yangu huko mbele ataifanya dari.

Nilikuja Oman mtoto, nimeshikwa mkono na mama, kutoka Unguja. Tulifikia Ibra kwa ami yake. Kwa hivyo nimelelewa kwa adabu mbili, na zote mbili zinasema la kwanza usilikubali. Ya Unguja ni hii: ukiwakuta watu wanakula wakakwambia karibu, unajibu "starehe," hata kama tumbo linanguruma. Mwenyeji akitaka kweli atakukaribisha tena, hapo ndipo unanawa. Ya Ibra nayo: mgeni akiingia majilisi, chumba cha wageni, akishatiliwa kahawa anaulizwa khabari, na jibu la kwanza ni kwamba hakuna khabari, salama tu. Mtu kafiwa, ngamia wake kaibiwa, jibu ni salama tu. Khabari yenyewe inatoka akiulizwa tena. Na kahawa ina mambo yake. Mtiliaji anasimama na dele, birika la kahawa, anaendelea kukutilia mpaka uitikise finjani, kile kikombe kidogo. Ukiitikisa umetosheka, haongezi. Mtu mwenye haya huitikisa mapema.

Yashikeni hayo, maana yaliniponza miaka yangu yote.

Mama aliugua, nikaacha skuli. Nilipofika umri wa kuajiriwa nikapata kazi Sur, kampuni ya ujenzi, kupokea simu. Siku ya kwanza wakanikalisha mbele ya bodi ya vitufe na vitaa, wakanivisha kisikilizio kinachonuka mafuta ya nywele ya aliyenitangulia, wakaondoka. Hakuna aliyenieleza kitu. Taa ikiwaka unabonyeza, basi. Nilimkatia simu mwenye kampuni. Akapiga tena, nikamkatia tena. Alipokuja mwenyewe kwa miguu kutoka chumba cha pili, nikasimama nikamtilia kahawa. Akanywa, akanitazama, akarudi chumbani kwake. Kesho yake nikaambiwa nimepita majaribio.

Bodi ya simu ndiyo skuli yangu ya pili. Kila kilichochelewa kwenye zile saiti za ujenzi kilipita masikioni mwangu kwanza. Lori la saruji limekwama Tiwi, fundi wa maji kagombana na mkubwa wake, kreni imekodishwa na watu wengine kimya kimya. Nilikuwa sifanyi lolote na maneno hayo, napitisha tu. Aliyeona kwamba yana kazi ni Mista Varkey.

Mista Varkey alikuwa mpangaji wa kazi, Mhindi wa Kerala, mtu mwembamba, shati lake lina kalamu mfukoni kila rangi. Alikuwa na ukuta mzima ofisini kwake ameugongomea misumari, na kutoka msumari hadi msumari amevuta nyuzi za sufu: nyekundu ni barabara, buluu ni nyumba za wafanyakazi, manjano ni matangi ya maji. Siku moja akaja kwenye bodi yangu akaniuliza, kwa Kiarabu chake cha saiti, "Zuweina, nani kapiga leo?" Nikamwambia mwenye kreni kapiga, anasema kreni inakwenda Ras al Hadd wiki nzima. Akanishika mkono wa nguo akanivuta mpaka ukutani.

"Tazama hapa," akasema. "Nyekundu inaitaka kreni. Buluu inaitaka. Manjano inaitaka. Nyuzi zinapokutana ndipo wanaume watakapogombana. Wewe umejua asubuhi, mie ningejua jioni."

"Sasa tufanye nini?"

"Chukua mkasi. Tunakata, tunafunga upya."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza programu ni nini. Vijana mnayo maelezo marefu ya vyuoni, siyadharau. Mie najua hili: programu si mradi mkubwa, ni miradi mingi inayogombania kreni moja, na mkuu wa programu ni yule anayekaa pale nyuzi zinapokutana, anatukanwa na pande zote, anaamua. Varkey alinifundisha kila siku baada ya saa za simu. Alinifundisha kwamba usiamini tarehe ya mtu asiyekutazama usoni. Alinifundisha kwamba kila mkandarasi ana siku mbili za kweli, siku anayolipwa na siku anayopeleka watu wake likizo, nyinginezo zote ni maombi. Wali wake wa mtindi alikuwa anakula peke yake mezani na hakunikaribisha hata siku moja. Kwao mtu akitaka anasema. Ningelielewa hilo mapema, ningepona.

Nafasi ya mratibu wa programu ikatokea. Varkey akanipendekeza. Kwenye usaili alikaa Bwana Suleiman, mkuu wa wafanyakazi. Jina nalitaja, maana yeye hakuona haya. Ukoo siutaji, kwa heshima ya marehemu mamake aliyekuwa akitupikia mikate ya kumimina. Alikuwa mtu wetu, wa Unguja, Kiswahili chake kitamu kama cha mabibi zetu. Akanitilia kahawa kwa mkono wake. Nikanywa finjani moja, nikaitikisa. Akaniuliza mamangu hajambo, nikasema salama tu, na mama yuko hospitali. Halafu akauliza, "Haya, Zuweina. Na mshahara, wewe unatarajia nini?"

Nikasema, "Mtakavyoona wenyewe, Bwana Suleiman."

Nikainamisha macho nikangoja. Nilikuwa ninayo tarakimu. Nimeipanga na khalati yangu, dada yake mama, usiku kucha, nimeimeza kama jiwe, nangoja aniulize tena niiteme. Yeye akafunika kalamu. "Ahsante, mwanangu. Mungu akubariki." Nikatoka. Mpaka leo nangoja hilo swali la pili.

Lakini hilo lingekuwa bahati mbaya tu, yule mtu hajui, kasahau. Siku zile bado nilikuwa nashika bodi mpaka apatikane mwengine. Baada ya siku chache Bwana Suleiman akaniomba nimuungie simu ya rafiki yake, mkuu wa wafanyakazi wa kampuni nyengine huko Maskati. Nikaunga, na kabla sijaachia kitufe nikamsikia anacheka. Anasema, "Hawa wetu waulize mara moja tu, bwana. Ukiwauliza mara ya pili watakwambia." Na yule mwenzake akacheka.

Niliachia kitufe taratibu, kama mtu anayeweka chini kikombe kilichojaa. Mgeni asiyejua adabu yetu akiikanyaga, basi, kaikanyaga. Huyu alikuwa anaijua toka tumboni, akaigeuza mtego. Mama alikuwa hospitali. Nikatia saini mshahara wao.

Sasa sikilizeni mshahara wa kwanza unavyokwenda. Mnadhani ni wa mwaka mmoja, utarekebishwa. Haurekebishwi. Unakufuata kama mbuzi aliyefungwa kamba. Nilipotoka ujenzi nikaenda kampuni ya samaki, kusimamia vyumba vya barafu vya pwani, wakaniuliza, "Ulikuwa unalipwa ngapi?" Nikasema kweli. Wakaongeza kidogo, nikashukuru. Nilipotoka samaki nikaenda kwenye gesi, kule nje ya Sur, ambako watu wa kiwango changu wanalipwa mpaka wanaona vibaya kusema. Aliyenisaili ni Mwingereza mpole. Akauliza lile lile, ulikuwa unalipwa ngapi. Nikasema kweli. Akaongeza tena kidogo, akanipa mkono, akaona kanifanyia wema. Yule simlaumu. Kanikuta na kamba shingoni, kaivuta upande aliokuwa anakwenda. Aliyeifunga kamba ni Suleiman.

Varkey alirudi kwao mwaka nilioingia gesi. Alipokuja kuaga, kaleta mkasi wake wa nyuzi kama zawadi. Akasema, "Zuweina, wewe bei ya kila kreni hapa Sur unaijua kwa kichwa. Ya kwako uliwahi kuiuliza?" Nikamwambia kwetu mtu haulizi. Akasema, "Kreni nayo haiulizi. Lakini ina mwenyewe anayeisemea." Akatikisa kichwa chake kile cha Kerala ambacho hujui ni ndiyo au siyo, akaenda zake. Mkasi ninao mpaka leo, unakata.

Gesi ilipomaliza upanuzi wake tukaachishwa wengi kwa pamoja. Wengine hawakuinuka tena. Mie nikapata kazi Ibra, nyumbani, kampuni iliyochukua ujenzi wa vituo vya afya katika vijiji vya mkoa wetu wa Sharqiyah, vyote kwa wakati mmoja. Niliendesha programu ile mwaka mzima kwa jina la mratibu. Nikapiga misumari ukutani, nikavuta nyuzi. Wakati wa kumweka mkuu wa programu ulipofika wakamleta mtu kutoka nje, Mhandisi Tariq, kijana wa Maskati mwenye manukato mazuri.

Tariq nina lawama naye, lakini si ile mnayoidhani. Siku moja tunakula mchana, tumekaa chini, sahani moja ya wali na kuku, nikamuuliza.

"Walipokuajiri walikuuliza unataka mshahara gani?"

"Waliniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema." Akaitaja tarakimu. Mie nikarudisha tonge sahanini. Yangu ingeingia ndani ya yake na nafasi ikabaki ya wageni.

"Hawakucheka?"

"Walicheka. Mie sikucheka. Wakanyamaza, halafu wakakubali."

"Na ulijuaje kwamba watakubali?"

"Bi Zuweina," akasema, anatoa mfupa, "na wewe ulijuaje kwamba watakataa?"

Swali hilo ndilo alilonipa Tariq, na alinipa bure, Mungu amlipe. Lawama yangu ni nyengine. Wakubwa walipokuja kukagua aliwasimamisha mbele ya ukuta wangu akasema, "Huu ndio mfumo wangu." Na mie nimesimama pale na dele, nawatilia kahawa.

Mwaka ule mvua ilinyesha na wadi, ule mto mkavu wa bondeni, ilishuka vibaya. Lori la mashine ya eksirei lilikuwa njiani, na simu zikaanza kukatika. Dereva alikuwa Mpakistani, mtu mzima. Nikampata kwa sauti inayokwenda na kurudi, nikamwambia asishuke bondeni hata akiona wenzake wanavuka, apande kwenye kijiji cha juu aulize nyumba ya shekhe wa kijiji, aseme ametumwa na mjukuu wa mzee wetu wa Ibra, yule ami yake mama. Wakampokea. Lori likalala penye usalama, dereva akala nyama siku tatu akanenepa. Malori yaliyovuka yalikwenda na maji, Alhamdulillahi watu walitoka. Baada ya wadi kukauka mafundi wa kila saiti walikuwa wamekaa hawana vifaa, nikazikata nyuzi zote nikazifunga upya: kituo kilichokuwa cha mwisho kikawa cha kwanza. Vituo vikafunguliwa, mama wajawazito wa vijiji vile wakaacha kuja Ibra kwa gari za mizigo. Hilo ndilo najivunia katika kazi yangu yote, na si haba.

Wenye mradi wakafanya karamu. Tariq akapewa bahashishi na barua. Mie nikapewa bakuli la halwa. Halwa niliila. Ilikuwa nzuri.

Usiku ule nikaapa sitoitwa tena kwenye usaili nikasema mtakavyoona. Lakini kiapo ni cha ulimi na haya ni ya damu. Nilipokuja Nizwa kwetu, kwenye kazi ya kukarabati nyumba za kale na kuzifanya za wageni, nilifika mpaka kizingiti cha kusema, nikasema, "Tutaelewana." Wakaelewa wao.

Basi haya niliyoyaokota nawapa nyinyi. Gesi na mafuta wanalipa kuliko wote, lakini kazi ina mwisho wake umeandikwa tangu siku ya kwanza, kwa hivyo ukitaja bei yako tia ndani yake na miezi utakayokaa nyumbani. Wakandarasi watakupa mshahara mdogo wa asili na juu yake posho za kila namna: petroli, nyumba, simu, na nyengine haina hata jina. Ukijumlisha unacheka. Halafu unaugua, unaona posho zinavyohama. Na pensheni yako, na kiinua mgongo chako, havipigwi hesabu kwa posho. Kwa hivyo ukiambiwa jumla ni hii, uliza ya asili ngapi, na uliza kwa sauti ile ile unayoulizia bei ya papa sokoni. Mashirika ya serikali ni polepole, yana ngazi zao hawazivunji, ila unalala. Mahoteli na mambo ya watalii, huko Ras al Hadd kwenye kasa na hata kwetu Nizwa, wanalipa kwa cheo kirefu na chakula cha mchana. Jina wanakupa la mkuu mwandamizi, bahasha wanakupa ya karani. Hospitali ni katikati, na usingizi hakuna. Samaki wanalipa vizuri samaki wakiwepo.

Jina la kazi ni lile lile kila mahali. Kabla hujaenda, pigia watu wanaoifanya katika kazi tatu tofauti uwaulize. Wataona vibaya, kisha watasema, maana na wao wanatamani kuulizwa. Usitaje kutoka hapa mpaka pale. Wao watasikia hapa tu. Ukiulizwa ulikuwa unalipwa ngapi, sema kwa adabu kwamba ile ilikuwa kazi nyengine, hii ndiyo tunayozungumza. Halafu taja yako, na ukishaitaja funga mdomo. Hapo ndipo pagumu. Sisi tunaona ukimya ni utovu wa adabu, tunaujaza: lakini si lazima, lakini hata kidogo inatosha, lakini nyinyi ndio wenye kujua. Kila "lakini" inakula mshahara wa miaka.

Nilijuaje kwamba inafanya kazi, na mie mwenyewe sikuwahi? Kwa sababu ya Rahma.

Rahma mnamjua, alikuwa meza ya dirishani. Kasoma nje, ana shahada mbili, Kiswahili chake kinachechemea kidogo lakini kinafika. Mumewe kapunguzwa kazi mwaka jana, watoto bado wadogo, na mshahara wake wa pale kwetu ulikuwa wa kamba, ule ule mchezo. Mwezi mmoja kabla sijastaafu akaitwa usaili Sur, kampuni ya viwanda, nafasi ya mkuu mwandamizi wa programu. Akaja kwangu Ibra siku ya mapumziko, kakaa barazani, uso kaukunja.

"Shikamoo, Khalati."

"Marahaba. Mbona hivyo? Umeitwa kazini au umeitwa mahakamani?"

"Nimesikia nani anakaa kwenye kamati. Kuna mzee amestaafu lakini wanamwita kusaili. Bwana Suleiman."

Nikaweka dele chini. Miaka yote hiyo, na bado yuko mlangoni anawangoja watoto wetu.

"Labda nisende," Rahma akasema.

"Utakwenda. Kaa sawa. Mie ndiye Suleiman." Nikajitia kilemba cha kanga, nikachukua kalamu ya mwanangu. "Ahlan, ahlan, Rahma. Wewe wa nani kule Unguja? A-a, bibi yako namjua, mcha Mungu. Kahawa hiyo. Haya, mwanangu, mshahara unatarajia nini?"

Rahma akainamisha macho. "Mtakavyoona wenyewe."

Nikafunika kalamu. "Ahsante. Umekwisha."

"Lakini Khalati, sikuwa tayari."

"Na yeye hatongoja uwe tayari. Tena."

Tukarudia. Mara ya pili akataja, halafu akaongeza, "lakini tunaweza kuzungumza." Nikafunika kalamu. Mara nyengine akataja kwa sauti ya mtu anayeomba maji msikitini. Nikafunika kalamu. Akakasirika, akasema, "Ni aibu, Khalati. Mamangu akinisikia nataja mshahara yangu namna hii ataniona sina malezi."

"Mshahara wangu," nikamwambia. "Na mamako hakuitwa kwenye usaili. Haya yako ni mali, Rahma, yaweke. Kawape wanaokuuliza mara ya pili. Yule anauliza mara moja, kwa makusudi, nimemsikia kwa masikio yangu." Nikamhadithia ile simu. Nilikuwa sijamhadithia mtu hata mmoja. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

Akasema, "Nisaili tena."

Tulipiga simu zile tatu, gesi, barabara, hospitali, tukapata tarakimu. Kubwa, hata mie ilinitia kizunguzungu. Akaisema barazani kwangu mpaka paka akaizoea.

Siku ya usaili nilifua mashuka ambayo ni masafi. Baada ya alasiri gari yake ikasimama mlangoni. Kaja moja kwa moja kutoka Sur. Akakaa, akavua viatu, akanihadithia. Suleiman kazeeka, lakini kahawa kaitilia mwenyewe. Kamuuliza bibi yake, kamwombea dua. Kisha akauliza. Rahma akaitaja, akafunga mdomo.

"Ikawaje?"

"Akanitazama. Akasema, 'Mwanangu, hiyo nyingi.'"

"Na wewe?"

"Nikasema, 'Ndiyo, ami.'"

"Basi?"

"Basi. Nikanyamaza. Khalati, nilisikia kiyoyozi, nilisikia mpaka moyo wa Mhindi mmoja wa kamati aliyekaa pembeni. Kila kitu ndani yangu kinataka kusema lakini. Halafu mzee akacheka kidogo, akaniuliza kwa Kiswahili, 'Nani kakufundisha?' Nikamwambia, 'Bi Zuweina wa bodi ya simu.'"

"Ukamwambia hivyo?"

"Nikamwambia. Akaacha kucheka. Akakaa na kalamu yake wazi muda mrefu. Halafu akaiandika tarakimu yangu, akamsogezea yule Mhindi."

Jibu lilikuja baada ya wiki. Walimpunguzia kidogo, kwa sababu kila mtu lazima apunguze kidogo ili alale, lakini mshahara wa asili wakauweka mnene na posho wakaziacha mbili tu. Kamba imekatika. Popote atakapokwenda Rahma sasa, akiulizwa ulikuwa unalipwa ngapi, anaweza kusema kweli. Na watakaokaa chini yake wataulizwa mara ya pili, kaniapia hilo. Bwana Suleiman alituma salamu kwangu. Salamu nimezipokea. Sijazirudisha, niko nafikiri.

Juzi Rahma kaja tena, kaleta papa mkavu wa Sur. Nikamtilia kahawa, akanipokonya dele akasema mie ndiye mkubwa, anitilie yeye. Akaniambia kampuni yake ina vijana wengi wapya, wana kompyuta lakini hawajui kusikiliza simu, na ukuta wa ofisi yake ni mtupu. Wanataka mtu aje siku mbili kwa wiki awafundishe. Wamemwambia atafute yeye.

"Na malipo, Khalati," akasema, hanitazami, yuko na dele, "wewe unatarajia nini?"

Neno lilikuja lenyewe, mtakavyoona, mwanangu, likafika mpaka kwenye meno. Nikalimeza. Nikaitaja tarakimu.

Rahma akanyamaza. Mbuzi wa jirani akalia, akanyamaza naye.

"Hiyo nyingi, Khalati."

"Ndiyo, mwanangu."

Nikamnyooshea finjani bila ya kuitikisa.